Huru Virginia, Ameoa Batangas

Jepkosgei alikuwa ameshika mpini wa sanduku, na mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu alikuwa ameshika gurudumu la sanduku lilelile. Lilikuwa jekundu, kubwa, la mwisho kwenye rafu. Ilikuwa Ijumaa ya baada ya sikukuu ya Thanksgiving, mwaka 2005, ile Ijumaa ambayo maduka ya Landmark pale Alexandria, Virginia, hujaa mpaka watu wanapishana kwa viwiko.

"Kaka, achia."

"Nimelishika kwanza, dada."

"Umeshika gurudumu. Nani hununua gurudumu?"

"Bila gurudumu utalibeba kichwani?"

"Kwetu tunabeba kichwani. Wewe shingo yenyewe iko wapi?"

Mwanamume akaangua kicheko mpaka mkono ukalegea, na Jepkosgei akalivuta sanduku lake upande wake. Kweli shingo ilikuwa fupi. Uso ulikuwa mpana, macho yakicheka kabla ya mdomo, nywele nyeusi kama zimepakwa mafuta ya nazi. Naye yule bwana alimtazama: mwanamke mrefu wa miaka thelathini na minne, koti la zambarau, skafu ya manjano iliyofungwa kichwani, mwanya katikati ya meno ya mbele, na miguu iliyochoka ya mtu anayewageuza wazee kitandani kutwa nzima katika nyumba ya kulelea wazee.

"Chukua," alisema. "Ila litahitaji mtu wa kulisukuma hadi kituo cha basi."

"Nina mikono."

"Mikono miwili, na una mifuko minne. Mimi naitwa Arnel. Natengeneza viyoyozi katika hoteli moja Crystal City. Mtu akiniibia sanduku napenda ajue amemwibia nani."

Kiingereza chao, cha Iten kule Kenya upande huu na cha Batangas kule Ufilipino upande ule, tunakiandika hapa kwa Kiswahili, kwa sababu haikupita miezi mitatu kabla yule bwana hajaanza kusema "pole," "twende" na "wacha maneno mengi" kuliko wenye lugha.

Mwalimu wake alikuwa Wairimu, aliyeishi nyumba moja na Jepkosgei kwenye zile fleti za upande wa magharibi wa Alexandria. Wairimu alisuka nywele Jumamosi, na Jumapili alieneza habari alizozisikia Jumamosi. Siku Arnel alipoingia kwao mara ya kwanza, na sufuria ya mchuzi mchachu wa samaki mkononi, Wairimu alimzunguka kama anayekagua gari la mtumba.

"Kosgei, huyu ni mfupi."

"Anasikia, Wairimu."

"Asikie. Ni mfupi lakini amekuja na sufuria. Wale warefu wako walikuja na nini?"

Walizoeana kwa simu zaidi. Saa ya chakula cha mchana Arnel alipanda juu ya paa la hoteli, akaketi kati ya mashine zake zinazonguruma, akapiga. Jepkosgei alipokelea kwenye chumba cha mashuka, mgongo ukiwa mlangoni ili msimamizi asiingie.

"Umekula, mpenzi?"

"Nani amekufundisha hilo neno?"

"Wairimu. Amesema nikikuita kwa jina tu utaniona kama karani."

"Wairimu ana kazi. Nimekula ndizi."

"Ndizi si chakula."

"Kwenu mnakula wali asubuhi, mchana, jioni. Wewe si wa kunifundisha chakula."

Alicheka peke yake kati ya mashuka, akatoka uso ukiwa umechangamka hadi mzee mmoja wa chumba cha mwisho akamwuliza kama amepandishwa cheo.

Mwezi wa pili Arnel aliegesha gari nje ya duka la vyakula pale Seven Corners, akafungua kidroo cha mbele, akatoa karatasi yenye muhuri.

"Sitaki uambiwe na mtu. Niliwahi kuoa. Anaitwa Maricel, Mfilipino kama mimi. Tulishindwana. Tukaachana mahakamani hapa Fairfax, mwaka 2003. Soma."

Jepkosgei alisoma mara mbili, kwa kidole.

"Watoto?"

"Hatukujaliwa."

"Bado unampenda?"

"Hata namba yake sina kichwani."

"Basi." Akaikunja karatasi, akairudisha mahali pake mwenyewe. Kwake jambo lilikuwa limeisha.

Hapo ndipo Arnel alipopaswa kuongeza sentensi moja. Ilimfika hadi kwenye ulimi. Kisha akajiambia kwamba yeye anaishi Virginia, analala Virginia, anafanya kazi Virginia, na mambo ya sheria za kwao yatasubiri huko kwao. Akawasha gari.

Wiki iliyofuata sentensi ile ikawa nzito zaidi, maana Jepkosgei naye alifungua yake. Walikuwa wanakata vitunguu.

"Mama yangu alikuwa mke wa pili," alisema. "Baba alipofariki, tangazo lilisomwa redioni. Ameacha mjane mmoja. Wakamtaja mke mkubwa, wakataja watoto wote, hata mimi nilitajwa. Mama hakutajwa. Siku ya maziko wageni walidhani ni mpishi, kwa sababu alikuwa jikoni anapika."

"Pole, Kosgei."

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimesimama na sinia ya mikate. Nikasema mimi nitaolewa mahali ambapo jina langu limeandikwa, na limeandikwa peke yake. La sivyo nizeeke hivi hivi."

Arnel aliendelea kukata kitunguu kilichokwisha kukatwa.

Alimposa mwezi wa tano, kwenye chumba cha kufulia nguo chini ya zile fleti, kila mmoja ameshika pembe mbili za shuka. Walikunja mara moja, wakakaribiana. Wakakunja mara ya pili, wakakaribiana zaidi. Mara ya tatu Arnel hakuachia pembe zake.

"Nataka kukunja mashuka na wewe mpaka tuzeeke."

"Hiyo ni posa au unatafuta dobi?"

"Ni posa. Dobi atakuwa mimi."

Jepkosgei aliitikia kwa kichwa. Halafu, kwa kuwa ni binti wa Wakeiyo hata akiwa Amerika, alipangusa macho akasema, "Lakini watu wako waje kwa watu wangu. Waulizwe maswali. Bila hivyo kwetu hatujaanza."

Watu wa Jepkosgei walikuwa Anko Boniface na Anti Edah wa Greenbelt. Anko Boniface alikuwa msimamizi wa maegesho siku za kazi na mzee wa ukoo siku za mapumziko, na hiyo kazi ya pili aliipenda zaidi. Jumamosi moja ya Juni nyumba yake ilijaa mpaka viatu vikapanga foleni hadi barabarani. Mbuzi alichomwa uani. Anti Edah alitengeneza mursik, ule mgando wa kwao, kwa maziwa ya dukani, akaapa kwamba ukifumba macho huwezi kujua.

Jepkosgei alivaa kitenge cha kijani chenye mikono ya puto, na mkufu wa shanga aliovishwa na Anti Edah. Arnel aliingia na shati refu la kwao, kitambaa chepesi kama ganda la kitunguu, limetariziwa kifuani, limeachwa nje ya suruali.

"Huyu amevaa pazia la sebule ya nani?" Wairimu alinong'ona.

"Nyamaza. Ni vazi la heshima kwao."

"Basi ni pazia la heshima."

Nyuma yake walikuja mjomba wake, Mzee Ben, na mkewe. Mzee Ben alikuwa amepika katika meli za jeshi la majini la Marekani kwa miaka ishirini na zaidi, na tangu astaafu hakukosa misa ya asubuhi hata siku ya theluji. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hakuwahi kuyapinda.

Anko Boniface alisimama, akakohoa kikohozi cha cheo.

"Wageni, karibuni. Kwetu hatutoi binti kabla ya kuulizana. Swali la kwanza: ukoo wenu ni wa mnyama gani?"

Mzee Ben alimgeukia Arnel. Arnel akamgeukia mke wa mjomba wake. Mama yule akafikiri kwa bidii.

"Tuna paka," alisema.

Nyumba ililipuka. Mtu mmoja alimwaga soda. Anko Boniface alitangaza kwamba ukoo wa paka hauna udugu na ukoo wake, na kwa hiyo hakuna kizuizi. Maswali yakaenda vizuri: kazi, dini, ulevi, ugonjwa. Kila jibu lilipigiwa makofi. Jepkosgei, aliyeketi kando kama mila inavyotaka, alimkonyeza Arnel, na Arnel akashusha macho kwa aibu ya furaha.

"Swali la mwisho," Anko Boniface alisema. "Hili halijibiwi na kijana. Linajibiwa na mzee wake, mbele ya mashahidi. Huyu kijana ana mke mahali popote?"

Kila mtu alikuwa anangoja "hapana" ili chakula kipakuliwe. Mzee Ben alimtazama Arnel. Arnel alikuwa anatazama zulia.

"Kule Virginia, hana," Mzee Ben alisema.

"Vizuri sana! Basi—"

"Lakini umeuliza mahali popote. Kwetu Batangas, anaye."

Mafuta ya mbuzi yakasikika yakidondokea makaa kule uani.

Mzee Ben alieleza polepole, kwa huzuni, kama daktari. Sheria ya kwao haina talaka. Wafilipino wawili wakiachana nchi ya nje, karatasi hiyo kwao haina kazi. Kama mmoja wao angekuwa amekwisha kuwa raia wa nchi nyingine, mambo yangekuwa tofauti, lakini siku walipoachana pale Fairfax wote wawili walikuwa bado Wafilipino. "Naomba msamaha," alimalizia. "Arnel akifa leo, serikali ya kwetu inamjua mjane mmoja. Ni Maricel."

Mzee wa watu hakujua amegusa nini. Jepkosgei alisimama.

"Arnel. Ni kweli?"

"Ni kweli, lakini—"

"Siku ile kwenye gari, uliponipa karatasi nisome, ulijua?"

"Nilijua."

"Na nilipokuhadithia habari ya mama yangu?"

"Nilijua."

Jepkosgei alivua ule mkufu, akamwekea Anti Edah kiganjani. "Anti, watu wasiondoke na njaa. Acha nipakue." Akaenda jikoni. Alipakua sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku sebuleni watu wazima wakizungumza habari zake. Kwenye sahani ya nne akagundua amesimama wapi na anafanya nini, akaangusha mwiko.

Sebuleni Anko Boniface alikuwa bado anapigania sherehe yake. "Ndugu zangu, mbona nyuso zimekunjamana? Hata kwetu wapo wazee wenye wake wawili. Huyu binti ataingia kama wa pili, tutamwomba yule wa kwanza idhini, mambo yaendelee!"

Alidhani anaokoa jahazi. Jepkosgei alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita kando ya mbuzi, akamwomba Wairimu ampeleke nyumbani.

Arnel alipiga siku tatu mfululizo. Siku ya nne simu ilipokelewa.

"Kosgei, usikate."

"Sikati. Sema."

"Tutaishi hapa. Hapa wewe ndiye mke. Peke yako."

"Na tukienda kumwona mama yako?"

"Mama atakupokea vizuri."

"Nauliza, Arnel. Utasema huyu ni nani?"

"Mama anajua nakupenda."

"Mama yangu alikuwa wa pili, lakini alikuwa na nyumba yake, na kijiji kizima kilijua ni mke wa nani hata kama redio haikujua. Mimi kwenu sitakuwa wa pili. Sitakuwepo kabisa."

"Nipe muda nitengeneze."

"Muda nilikupa. Ulikuwa na miezi minne ya kusema neno moja. Uliogopa nini?"

"Niliogopa hivi. Hivi unavyoongea sasa."

Pengine wangeelewana hata hapo. Jepkosgei alikuwa amekwisha kuanza kulia, na analiaje mtu asiyependa? Lakini wiki hiyohiyo Anko Boniface alikuja mwenyewe hadi Alexandria, amevaa tai.

"Binti yangu, nimemaliza shida yako. Nilimwomba yule Mzee Ben namba, nikampigia mke mkubwa."

"Ulimpigia nani?"

"Mke mkubwa. Maricel. Anaishi kule Virginia Beach. Nilimsalimia vizuri, nikajieleza kiukoo, nikamwambia tuna binti anataka kuingia. Amekubali! Amesema hana neno, muoane kwa amani. Sasa unanuna nini?"

Jepkosgei aliketi kwenye mkono wa kochi. "Anko. Umeniombea ruhusa kwa mke mwenza."

"Nimekuombea baraka."

"Mama yangu aliombewa hivyohivyo. Asante, Anko. Nenda salama."

Kwa hiyo yupo, aliwaza. Yuko Virginia Beach, ana sauti, ana idhini ya kutoa na ya kunyima. Kabla mwezi haujaisha Jepkosgei alibadilisha namba ya simu, akapata kazi kwenye nyumba nyingine ya wazee kule Herndon, akahamia chumba cha kupanga ambapo ndege zinazotua Dulles zilipita juu ya dirisha lake. Wairimu alimsaidia kubeba vitu.

"Jina lake usinitajie tena," Jepkosgei alimwambia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukitaja, hata wewe nakubadilishia namba."

Wairimu, ambaye hakuwahi kuficha habari maishani mwake, alijifunza kazi hiyo ngumu. Na ilimjia mapema. Agosti, asubuhi ya Ijumaa, Arnel aligonga mlango wa Alexandria, kofia mkononi, amekonda.

"Yuko wapi?"

"Amenikataza kusema. Aki Arnel, usinitazame hivyo."

"Basi nisaidie kumwambia. Kesho nasafiri. Naenda kuiomba mahakama ya kwetu ifute ile ndoa. Nitarudi na karatasi inayokubalika huku na kule."

"Huyo Maricel si ni raia wa hapa sasa? Si muachane tena upya?"

Arnel alitabasamu bila furaha. "Alikula kiapo mwaka jana. Kila mtu ananiuliza hivyo. Lakini huwezi kumtaliki mtu uliyekwisha kumtaliki. Tungengoja miaka miwili tu, Wairimu. Tulikuwa tumechokana, tukafanya haraka."

"Na hiyo kesi itachukua muda gani?"

"Wakili anasema miezi kumi." Akampa namba ya nyumbani kwa mama yake, imeandikwa nyuma ya bahasha ya sadaka.

Wairimu alimpigia Jepkosgei jioni ileile. "Kosgei, kuna mtu alipita hapa—"

"Ni yeye?"

"Ni yeye, lakini sikiliza—"

"Wairimu, nilikwambia."

Simu ikakatwa. Wairimu akaiweka bahasha kwenye droo ya vitana vyake, na humo ikakaa.

Mwaka ukapita. Jepkosgei alisoma, akafaulu mtihani wa uuguzi, akanunua gari dogo la bluu. Wanaume wawili walimwendea, mmoja karani wa ubalozi, mwingine dereva wa teksi mwenye sauti ya kuimbia kwaya. Wote aliwapikia chai, wote akawasindikiza hadi mlangoni. Saa ya chakula cha mchana, popote alipokuwa, mkono uliingia mfukoni kutafuta simu kabla akili haijaukumbusha.

Jumatatu ya sikukuu ya wafanyakazi wa Marekani, Septemba 2007, Anti Edah aliwaita watu Greenbelt. Jepkosgei alikwenda, amevaa gauni jeupe lenye maua mekundu, kwa sababu Anti alisema asipokuja atamfuata. Uani kulikuwa kumejaa. Anko Boniface alikuwa kwenye moto na koleo mkononi, amezungukwa na wanaume, anasimulia.

"Nikamwambia, mama, mimi ni mzee wa ukoo, naomba idhini yako kama mke mkubwa. Yule mama alicheka! Alicheka mpaka mtoto wake akaamka akaanza kulia. Akaniambia, mzee, mimi nina mume, ni baharia, yuko hapa anabadilisha nepi. Nitatoa idhini ya nini? Arnel si wangu tangu zamani. Mwambie huyo dada nilimpoteza mtu mzuri kwa ujinga wetu wote wawili, yeye asimpoteze. Sasa fikirieni, mimi nimekaa na tai yangu namwita mke mkubwa!"

Wanaume walicheka. Jepkosgei alikuwa nyuma yao na sinia ya kachumbari.

"Anko."

"Naam, binti yangu!"

"Alisema ana mume?"

"Mume na mtoto. Na mwingine njiani."

"Mbona mimi hukuniambia hivyo?"

Anko Boniface alishusha koleo. "Si nilikwambia amekubali? Nilikueleza jibu. Hayo mengine yalikuwa mazungumzo."

Kicheko kilikatika. Jepkosgei aliweka sinia mezani kwa uangalifu mkubwa, akageuka kumtafuta Wairimu, na Wairimu alikuwa amekwisha kusimama, machozi yanamtoka.

"Kosgei, uliniambia nisitaje jina lake. Sijataja mwaka mzima. Naomba nitaje sasa."

Usiku huo Jepkosgei alilala Alexandria kwa Wairimu, bahasha ikiwa chini ya mto. Walihesabu saa kwa vidole: huku ikiwa saa moja asubuhi, kule ni saa moja jioni. Saa moja kamili Jepkosgei alikuwa ameketi mezani jikoni, amevaa sare ya kazi, nywele zimefungwa, lipstiki imepakwa kwa ajili ya simu ambayo haina macho.

Alipokea mama mzee, akaita kwa lugha yao. Nyayo zikaja.

"Halo?"

"Arnel."

"Sema jina."

"Umesahau sauti yangu?"

"Sijasahau. Nataka nilisikie jina tu."

"Jepkosgei."

"Basi ni wewe." Alipumua. "Umekula?"

Akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. "Sijala. Hata ndizi sijala. Nimejua jana tu, Arnel. Nimejua jana habari ya Maricel, na habari ya safari yako. Nilidhani... sijui nilidhani nini. Kesi iko wapi?"

"Ilikuwa isikilizwe Juni. Mwanasheria wa serikali akaugua. Ikasogezwa hadi Agosti, jaji akahamishwa. Sasa ni Februari."

"Achana nayo. Rudi hivi hivi. Ile karatasi ya Fairfax inanitosha. Wiki ijayo tuko kortini Arlington, mimi na wewe na Wairimu."

"Kosgei."

"Nini?"

"Mimi si raia wa huko. Ninayo kadi ya ukaazi, na ukikaa nje zaidi ya mwaka mzima, inapotea. Mwaka wangu ulitimia Agosti, tarehe kumi na mbili. Nimeuliza. Ni kuanza upya, na foleni yetu ni ya miaka."

Jepkosgei alitazama kalenda ya saluni iliyotundikwa juu ya friji. Alihesabu mistari. Mitatu.

"Wiki tatu," alisema.

"Nilikuwa na tiketi ya Julai. Nilifungasha kabisa. Nikaketi kitandani nikajiuliza, narudi mikono mitupu, kwa nani? Nikaenda kuirudisha."

"Basi nakuja mimi."

"Uje tufanye nini? Hapa hakuna padri wala jaji wa kutufungisha ndoa. Hapa mimi ni mume wa Maricel."

"Nairobi. Tukutane Nairobi."

"Msajili wa Nairobi atataka barua ya ubalozi wangu kwamba sina mke. Ubalozi utaandika nini?"

Jepkosgei aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Wairimu alikuwa anajifanya anaosha kikombe.

"Sikiliza," Jepkosgei alisema taratibu. "Nitakuja tuishi tu. Bila karatasi. Waniite wa pili. Waniite wa nje. Sijali tena wananiitaje."

Kule upande wa pili ukasikika mlango ukifungwa taratibu.

"Hapana, mpenzi."

"Unanikataa?"

"Binamu yangu anaishi hivyo na mwanamke, mwaka wa tisa sasa. Januari alilazwa. Hospitali ikamwita mke wa zamani aje atie sahihi, akaja na gari la kukodi, akaingia. Yule wa sasa, yule aliyemfulia na kumlisha, alikaa kwenye benchi la nje siku nne. Nilimpelekea wali. Nikimwangalia nilikuwa nakuona wewe, na skafu yako ya manjano. Siwezi. Ulisema kwetu hutakuwepo, nikadhani ni hasira. Nimekaa hapa, nimeona kwa macho. Ulikuwa sahihi."

"Sitaki kuwa sahihi, Arnel."

"Najua."

"Februari wakikubali?"

"Wakikubali nitapiga kabla sijatoka mlango wa mahakama."

"Wakikataa?"

"Wakikataa sitapiga. Nitajie namba yako mpya niiandike." Jepkosgei akamtajia, naye akairudia tarakimu moja moja, kwa Kiswahili, kama Wairimu alivyomfundisha, na alipofika mwisho hakuna aliyesema kwaheri.

Wairimu alifunga bomba. "Amesemaje?"

Jepkosgei aliiweka simu mezani, akavuta viatu vyake vya kazi, akaanza kufunga kamba.

"Amesema nilikuwa sahihi."

Wairimu akavuta kiti, akaketi karibu yake, bega kwa bega, na wote wawili wakachelewa kazini.